Chai ya Saa Kumi Zizini

Jina lake sitaliandika. Si kwamba nimelisahau. Tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Miyuji miaka kumi na minane, na ukimsikia mkewe akimwita asubuhi, jina hilo halikutoki tena kichwani. Sababu ya kulificha ni yake mwenyewe, na nitaifikia. Mtaa mzima unamwita Mjukuu. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, ana wajukuu tisa wa kwake, mvi zimemfika hadi kwenye nyusi, na bado watoto wa shule wakimpita husema, "Shikamoo, Mjukuu," naye huitikia "Marahaba" bila kuona kichekesho chochote.

Ni mjukuu wa Bwana. Bwana alikuwa Mwingereza aliyekuja huku baada ya Vita vya Kwanza kuwafundisha Wagogo kilimo, kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya tangu zamani bila kumsubiri. Serikali ya wenzake ilimpa eneo kubwa lililokuwa na wenyewe. Akapanda ngano, ikakauka. Akapanda viazi, vikaliwa na mchwa kabla havijajua kama viko Afrika. Akachimba bwawa ambalo mpaka leo tunaliita Bwawa la Bwana, na ambalo halijawahi kukaa maji ya kumtosha bata. Siku hizi vijana wanachezea mpira humo, na wanalisifu kwamba halina matope hata masika.

Mke wa Bwana alimfuata kutoka Uingereza akiwa na mtoto mchanga. Alishuka kwenye treni pale stesheni ya Dodoma, akatazama vumbi, akauliza treni ya kurudi pwani inapita lini. Akaambiwa keshokutwa. Alikaa siku mbili. Kwa upande wa familia ile, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, siku hizo mbili zinaitwa miaka ya Afrika.

Baada ya hapo Bwana aliishi na Bibi, binti wa Kigogo aliyekuwa akimletea maziwa. Hakuna padre wala karani aliyewaandikia cheti. Ila Bwana alipeleka ng'ombe kwa baba yake Bibi, ng'ombe wakapokelewa, na kwa Wagogo shauri likaisha hapo. Wakazaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikua, akaoa, akafiwa na mke, akaenda kufanya kazi ya reli na hakurudi, akamwachia Bibi kichanga cha kulea. Kichanga hicho ndicho Mjukuu. Bwana alikufa kabla mtoto hajaanza kutambaa, na hili ni vizuri ulikumbuke, kwa sababu ukimsikiliza Mjukuu akimweleza babu yake utadhani walikuwa wanacheza bao pamoja.

Weupe wa Bwana ulimfikia Mjukuu kwenye masikio tu. Yalikuwa makubwa, yamesimama, na jua likiyapiga kwa nyuma yalikuwa mekundu. Uingereza uliobaki aliujenga mwenyewe kwa kaptula ya kaki, soksi ndefu za sufu, kofia ya pama na foleni. Soksi alivaa hata mwezi wa kumi, wakati mbuzi wenyewe wanagombania kivuli cha tangi la maji. Kwenye kioski cha maji alipanga foleni hata akiwa peke yake. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye bomba, akasubiri kidogo kwa heshima, ndipo akasogea. Vijana wa boda walimtania, "Mjukuu, vipi, mvua ya kwenu inanyesha lini?" Akajibu kwamba kwa kawaida kwao ingekuwa inanyesha sasa hivi.

Kiingereza hakujua. Lakini mimi, ninayekifundisha sekondari na kulipwa mshahara kwa ajili hiyo, alinisahihisha mara kwa mara.

"Babu asingesema hivyo, Mwalimu."

"Angesemaje, Mzee?"

"Asingesema kabisa. Waingereza wenyewe hawasemi sana. Hicho mnachofundisha ni Kiingereza cha mtihani."

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na ndiye peke yake aliyempunguzia makali. "Uzungu wa huyu unaishia mlangoni," aliniambia siku niliyohamia. "Ndani humu ni Mgogo, tena wa mlenda." Mjukuu akajifanya anatazama mawingu.

Wanafunzi wa chuo kule Chimwaga walikuja kumhoji kwa ajili ya tafiti zao, na hapo ndipo alipokuwa mtamu zaidi. Aliyeleta sukari alipewa Bwana mwenye undugu na mfalme. Aliyeleta majani ya chai alipewa Bwana daktari wa macho. Binti mmoja alikuja mikono mitupu lakini alisalimia vizuri, akapewa Bwana aliyeua simba kwa mwavuli. Naamini sasa makabatini mwa watu kuna tafiti kumi na mbili zenye mababu kumi na wawili, wote wamefia hapa Miyuji, na kila mmoja ana tanbihi. Nilimwuliza ukweli ni upi. Akasema ukweli ni kwamba babu yake alikuwa mtu wa mambo mengi.

Mimi ni Mrangi wa Kolo. Nimekulia jirani na mapango yenye michoro ya kale, nikawaona Wazungu wakivuka bahari kuja kumtazama twiga aliyechorwa kwenye jiwe, wakiinama chini kabisa wapate kumwona vizuri, huku wenyeji wanaoishi hapo wakipitwa bila hata salamu. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba wapo Wazungu wanaosafiri mbali kumtafuta aliyekwisha kufa. Mjukuu alinichekesha kwa sababu yeye alitumaini kwamba siku moja watasafiri kumtafuta aliye hai.

Maana hicho ndicho kitu kimoja alichokitaka maishani, na nilikigundua polepole chini ya porojo zote. Alitaka mtu mmoja wa upande ule amtazame usoni na kusema, huyu ni wetu. Fedha hakutaka, wala safari. Alitaka kauli hiyo tu, isemwe mbele ya mkewe na mbele ya vijana wa boda ikiwezekana.

Kulikuwa na jambo moja kwake ambalo halikuoana na soksi. Katikati ya mtaa wa nyumba za bati la rangi na mageti ya umeme, alikuwa na zizi la miiba la Kigogo, lenye mbuzi wanne na ng'ombe mmoja mzee asiyezaa wala kukamuliwa. Mtendaji wa mtaa alikuja kila baada ya miezi michache.

"Mzee, huu sasa ni mji mkuu. Jirani yako ni mkurugenzi. Harufu inaingia sebuleni kwake."

"Mwambie afunge dirisha."

"Mjukuu, wewe si Mwingereza? Waingereza wanafuga ng'ombe sebuleni kwa watu?"

Hapo tu, kwenye swali hilo, Mjukuu hakuwa na jibu la kujigamba. Alisema mifugo inabaki, basi. Samadi tulipewa bure, majirani wote, ila alichota mwenyewe, juu juu, kwa jembe dogo. Hakuruhusu mtu mwingine kuingiza jembe mle. Na kila siku saa kumi jioni, akiwa na birika la chai ya maziwa na kiti cha kukunja, alikaa mlangoni mwa zizi. Kikombe cha kwanza alikimwaga chini, karibu na nguzo. Niliamini anasuuza kikombe. Nina shahada, na niliamini hivyo miaka kumi na saba.

Kaburi la Bwana lilikuwa upande wa pili wa kiwanja, penye uzio wa michongoma, lenye msalaba wa saruji na maandishi ya Kiingereza. Mjukuu alilipaka chokaa kila Pasaka na kulionyesha kwa kila aliyekuja, hata fundi wa dishi.

Niliandika barua tatu kwa niaba yake, kwa anuani iliyosalia kwenye bahasha kuukuu ya Bibi. Ya tatu ilijibiwa. Jibu lilianza kwa maneno "Kwa Mlinzi wa Kaburi." Niliyaruka nikimsomea, nikaanza na habari za hali ya hewa, ambazo zilimfurahisha sana. Mwishoni walisema wanakuja.

Nyumba nzima iliwekwa sawa. Chokaa mpya, soksi mpya, vikombe vyenye visahani. Mkewe alifagia uwanja mara tatu, jambo lililonishangaza, kwa kuwa siku zote alijifanya hajali. "Sitaki wamwone mume wangu mchafu," alisema, na akanigeuzia mgongo.

Alikuja bibi wa Kiingereza wa miaka themanini na zaidi pamoja na mwanawe mwenye kamera. Alikuwa binti wa yule kichanga aliyekaa siku mbili, kwa hiyo naye ni mjukuu wa Bwana, sawasawa na mwenzake. Alipovua kofia kwa ajili ya joto nilipigwa na butwaa, kwa sababu masikio ni yale yale, makubwa, yamesimama, na jua lilikuwa nyuma yake. Nilimtazama Mjukuu. Alikuwa ameyaona. Akasema "Mbukwa," salamu ya Kigogo, badala ya ile sentensi ya Kiingereza niliyomfundisha wiki nzima.

Mgeni yule alikuwa mtu mwema, na ningependa kusema vinginevyo kwa kuwa ingenirahisishia hadithi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba nimwambie kwamba familia yao inamshukuru kwa kulitunza kaburi miaka yote hii. Kisha akafungua albamu. Katika picha moja Bwana amesimama mbele ya bwawa lake tupu, amejishika kiuno. Nyuma yake kuna msichana mwenye kibuyu cha maziwa.

"Huyo ni Bibi," alisema Mjukuu. "Chini pameandikwaje, Mwalimu?"

Nilifikiria kudanganya. "Mpishi," nikasema.

"Babu alikula uji na maziwa," alisema. "Hakuwa na mpishi."

Sikuitafsiri hiyo. Yule mgeni akatoa karatasi kwenye mkoba. Walikuwa na kibali tayari. Walikuwa wamekuja kumchukua babu yao wamrudishe nyumbani, akazikwe kando ya mkewe. Afisa afya angefika kesho saa tatu asubuhi na wachimbaji. Ilibaki sahihi moja tu, ya mtu wa hapa anayethibitisha kwamba kaburi ndilo hili, na mahali pa kujaza uhusiano wake na marehemu.

Mjukuu alisema anaomba radhi, kuna mbuzi mgonjwa. Akaniashiria nimfuate.

Zizini alivua kofia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya nje. Akanieleza kwa sauti ya chini, bila chumvi hata punje, na kwa hilo tu nikajua ni kweli.

Bwana alipokufa, alisema, mjumbe alitumwa bomani kumwita DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, naye alikuwa safarini. Jua lilikuwa kali. Mjomba wake Bibi akasema mwenye kaya hawezi kuoza wakisubiri gari. Huyu alitoa ng'ombe, ana mke, ana mtoto, ana mjukuu. Basi wakamzika jioni ile kama walivyozikwa wenye kaya wa Kigogo tangu zamani, zizini, chini ya miguu ya mifugo yake. Siku ya tatu DC akafika na padre na jeneza zuri la mbao. Ndugu zake Bibi wakaogopa. Wakamwambia marehemu yumo ndani ya nyumba ya tembe, ila ameharibika, na kwa heshima waachiwe wamweke wenyewe. Wakatia jeneza jiwe la kusagia la Bibi ili liwe na uzito, na buti za Bwana, na ngozi mbichi ya mbuzi ili pua za wakubwa zisiulize maswali. Wakapigilia misumari. DC alishukuru kwamba hakulazimika kuangalia. Jeneza likazikwa pale penye michongoma, kwa sala na bendera.

"Kwa hiyo pale..." nilianza.

"Pale ni jiwe la Bibi. Babu ni huyu unayemkanyaga, Mwalimu. Sogea kidogo kushoto."

Nikasogea. Mbuzi mmoja akaja kunusa kiatu changu.

"Sasa nisikilize," alisema. "Nikiwaambia ukweli, leo hii nakuwa mjukuu. Zizini hazikwi mgeni, na wewe unaweza kumweleza huyu mama mpaka akaelewa. Ana akili, nimemwona. Lakini kesho wanachimba hapa, wanaondoka naye."

"Na usiposema?"

"Anabaki na watu wake. Ila mimi ndiyo basi." Aliivaa kofia, akaivua tena. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikujua. Nilimhurumia. Miaka yote nilikuwa nimecheka soksi zake, na sasa nilitamani mtu yeyote aje ampe kile alichokitaka bila kumdai chochote. Hakuna aliyekuja. Mkewe alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa mkononi, akimtazama mumewe, na niliona kwamba yeye siku zote alikuwa anajua kilichomo zizini.

Tuliporudi, Mjukuu alikaa, akaomba kalamu. Penye uhusiano na marehemu aliandika kwa herufi kubwa, polepole: MLINZI. Mtu aliyempa kila mwanafunzi babu mpya, siku hiyo alipewa nafasi ya kumsema babu wa kweli, na akanyamaza.

Asubuhi wakachimba. Mbao zilikuwa zimeliwa zote. Ilitoka misumari, vyuma viwili vya buti, na jiwe la kusagia. Afisa afya, kijana mwenye haraka, alisema udongo wa huku ni wa mchwa na hauachi kitu, akagonga muhuri. Mgeni yule aliniuliza jiwe ni la nini.

"Mwambie ni desturi," alisema Mjukuu. "Anawekewa mtu ili alale vizuri."

Nikamwambia. Alilia, kilio cha kweli, akaweka udongo na vyuma vile kwenye kopo zuri la bati, akakigusa kifuniko kama anayemfunika mtoto. Niliona aibu, na bado naiona. Naye alikuwa mjukuu, na alikuwa amevuka bahari kuja kuchukua ardhi ya Miyuji, ingawa safari hii kidogo sana kuliko babu yake. Wakati wa kuondoka alimpa Mjukuu mkono tena, akamtazama usoni, akasita. Akasema chai ilikuwa nzuri.

Mkewe Mjukuu alilibeba jiwe la kusagia hadi jikoni, akaliosha, akajaribu uwele. Alisema bado zima.

Tangu siku hiyo hajigambi. Juzi alikuja mwanafunzi na kilo mbili za sukari, akaambiwa, "Kijana, mimi ni mlinzi tu, sijui kitu." Soksi anavaa, lakini fupi. Vijana wa boda wakamwuliza habari za mvua ya kwao, akawajibu waangalie simu zao, nao hawakuwa na hamu ya kumwuliza tena. Ndipo nilipomwambia kwamba nataka kumwandika. Alifikiri, akasema niandike, mradi nisitaje jina lake wala la Bwana, maana wale watu wanajua kusoma na wana vibali. Kwa hiyo jina sijataja. Na Miyuji yenyewe, ukitaka kuja kutafuta, huenda si Miyuji.

Wiki iliyopita nilipita kwake saa kumi. Imekuja barua, akataka nimsomee. Ndani kulikuwa na picha ya jiwe jipya katika makaburi ya kanisani kwao, penye majani mabichi sana. Limeandikwa kwamba Bwana amerudi nyumbani. Nilimtafsiria. Akairudisha picha kwenye bahasha taratibu, akaifuta vumbi.

"Magoti hayainami tena," alisema. "Na hao wajukuu wangu tisa wako Dar, wanasubiri nife wajenge vyumba vya kupangisha hapa. Ukimtoa mke wangu, wewe ndiye uliyebaki unayejua. Mimina wewe."

"Mzee, mimi ni Mwislamu wa Kolo. Kumwagia wafu chai kwetu hakuna."

"Na yeye alikuwa Mwingereza. Mimina tu, inapoa."

Nilisema bismillahi, nikashika birika. Mbuzi walikuwa wamelala palepale juu yake, wanacheua. Mkewe alituangalia kutoka jikoni akiwa ameegemea mlango. Nilijaza kikombe, kisha nikashikwa na adabu ya nyumbani, kwamba mgeni huulizwa kwanza.

"Anatumia sukari?"

Nilingoja anipe babu mwingine, mwenye vijiko vinne kwa kuwa alikunywa chai na mfalme. Masikio ya Mjukuu yalikuwa mekundu kwa jua la nyuma.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikumwona."

Nikatia kijiko kimoja, nikakoroga, nikamimina.